Wimbo wa Kumuaga Shaha

Waride alikuwa uani, amekalia kigoda, anapepeta mchele. Kuku alisogea. Waride akainua mkono kumfukuza, na mkono ukabaki juu. Kuku akapanda kwenye ungo, akadonoa, akamwaga. Mkono haukushuka.

Mumewe, Tahiri, alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa ofisi yake na aliona yote. Alidhani mkewe ana mawazo. Kisha mkono ukashuka ghafla, Waride akasema "Shii!" na kuku akaruka.

"Mama Amal, ulikuwa wapi?"

"Wapi wapi? Si hapa unaponiona."

"Kuku amekula mpaka ameshiba."

Waride akatazama mchele uliomwagika. "Loo! Kapanda lini mshenzi huyu?" Akacheka. Tahiri naye akacheka. Alipogeuka kurudi ndani alisikia harufu ya tope la mikoko. Kibiti iko barabarani, mwendo mrefu kutoka kwenye maji ya chumvi. Alitazama soli za viatu vyake. Zilikuwa na vumbi tu.

Ulikuwa mwaka 2005. Tahiri alizaliwa Mohoro, katika ukoo wa wenye maduka. Biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuagiza alichotaka, kaka zake waliagiza mitumba na redio. Yeye aliagiza kompyuta. Alipanga nyumba kando ya barabara kuu Kibiti, akafunga sahani ya setilaiti juu ya bati na jenereta nyuma ya choo. Watu walikuja kuchapa barua, kutazama matokeo ya mitihani na kuwaandikia ndugu zao walioko Uarabuni. Nyuma ya ofisi ndipo alipoishi na Waride na binti yao Amal, aliyekuwa bado ananyonya.

Waride alitoka visiwani, kwenye delta, kwa wakata mikoko. Alikuwa kiti, yaani mtu anayepandwa na jini. Jini wa ukoo wao, waliyemwita Shaha, alikuwa wa bibi yake, na bibi alipofariki alihamia kwa mjukuu. Mara moja kwa mwaka ndugu walikusanyika kisiwani. Fundi wa ngoma alipiga wimbo wa kumwita, Shaha akapanda kichwani kwa Waride, akala, akasema aliyokuwa nayo, kisha akapigiwa wimbo wa kumuaga, akaenda zake. Muda wote uliobaki Waride alikuwa mwanamke kama wengine. Kaka zake Tahiri hawakuyapenda mambo hayo. Waliamua kutoyataja.

Aliyeanzisha jambo ni Haitham, kaka yake Waride, aliyekuwa dereva Muscat.

"Shemeji," alisema kwenye simu, "miaka yote hii sijasikia ngoma ya kwetu. Nitilie kwenye mtandao niisikie. Huku tuko wengi."

"Ngoma ya majini kwenye mtandao? Kaka zangu wa Mohoro watanizika."

"Wana mtandao huko Mohoro?"

"Hawana."

"Basi watasikia kwa nani?"

Tahiri alikwenda kisiwani na kinasa sauti. Fundi, Bi Mwamini, hakumkataza. "Kanda ziko nyingi hapa," alisema. "Rekodi tu, mwanangu."

Mtindo wa faili aliouchagua ulikuwa umeanza kuachwa. Uliitwa RealAudio. Wenzake wa Dar es Salaam walimtania kwamba bado anavaa bugaluu. Lakini alikuwa na sababu. Laini yake ilikuwa ndogo na kompyuta ya Haitham ilikuwa ya zamani, na mtindo huo ulitengenezwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Msikilizaji hahitaji kungoja faili zima lishuke. Sauti inakuja kidogo kidogo, inapigwa papo hapo, na ikishapigwa haibaki. Laini ikizidiwa, sauti inasimama, inajikusanya, inaendelea.

Kulifanya faili hilo lisikike halikuwa jambo la siku moja. Alilipeleka kwenye seva, kompyuta ya Dar es Salaam iliyohifadhi kurasa zake, na Haitham alipobonyeza akapata ukurasa uliojaa alama zisizosomeka. Seva haikuijua aina ile ya faili, ikadhani ni maandishi, ikalituma kama maandishi. Tahiri alimwomba mwenye seva aongeze mstari mmoja wa kuiambia kwamba hii ni sauti. Kisha akatengeneza faili jingine, dogo, ambalo ndani yake hamna sauti kabisa, mna anwani tu. Programu ya msikilizaji inalisoma hilo dogo, inakwenda kwenye anwani, inabisha, na sauti inaanza kuja. Mtu akitaka kumpa mwenzake ngoma, anampa lile faili dogo. Anampa mlango.

Kulikuwa na tatizo moja. Nafasi aliyolipia kwenye seva haikutosha. Tahiri alisikiliza tena akatafuta pa kupunguza. Mwishoni watu walikuwa wamechoka, ngoma imelegea, Bi Mwamini anaimba karibu peke yake. Akakata hapo.

Haitham alipiga simu analia. "Shemeji, Mungu akulipe. Nimewapa na jamaa wa Dubai. Kuna Mzungu mmoja anasomea ngoma, naye kaichukua."

Hiyo ilikuwa wiki ileile ya kuku.

Baada ya hapo Waride alisimama kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na wateja wawili wakampita kwa kujibana ukutani. Alisimama sokoni na fedha mkononi mpaka muuza nyanya akamtikisa bega. Kila mara ilikuja ile harufu ya tope, na kila mara alirudi bila kujua kwamba alikuwa ameondoka. Amal alianza kukataa ziwa. Alikuwa akinyonya vizuri, kisha anaachia, anamtazama mama yake usoni, anajikunja kama anayebebwa na mtu asiyemfahamu.

"Ana meno," alisema Waride.

"Meno hayamfanyi mtoto aogope."

"Anaogopa nini, baba Amal?" Aliuliza kwa sauti ya chini. "Niambie. Maana mimi nikiamka kwenye hizo hali zangu, mdomo una ladha ya chumvi."

Tahiri aliijua sababu asubuhi moja, ofisi ikiwa imejaa watu. Alikuwa amefungua ukurasa wake kuhakikisha ngoma bado inafanya kazi. Akavaa spika za masikioni, akabonyeza. Wimbo wa kumwita ukaanza. Kwenye dirisha la nyuma alimwona Waride amechutama kwenye jiko la mkaa, anakaanga samaki, Amal mgongoni. Waride akaanza kuyumbisha mabega. Laini ikazidiwa, sauti ikakatika, na mabega yakasimama.

Mkono wenye mwiko ulikuwa juu ya mafuta. Ncha ya kanga ilikuwa imeangukia kwenye makaa.

Tahiri aliona moshi wa kanga ukianza. Aliona mguu wa mtoto unaning'inia karibu na karai. Kwenye kioo cha kompyuta mstari mdogo ulikuwa unajaa polepole, kwa sababu programu ilikuwa inakusanya sauti, na kabla hajaufikia mlango mstari ukajaa, ngoma ikarudi masikioni mwake, na uani Waride akaendelea kutoka palepale alipoishia, bega lilelile, upande uleule, kwa pigo lilelile. Tahiri akazing'oa spika, akatoka mbio, akamvuta mkewe mbali na moto na kuizima kanga kwa viganja. Ndani ya ofisi mteja mmoja aliuliza kama umeme umekatika.

Siku hiyohiyo alituma mtu kisiwani.

Bi Mwamini alifika na gari la samaki kutoka Ruaruke, ngoma yake imefungwa kwenye gunia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno mengi. Alikataa kiti akakaa kwenye jamvi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyumba ya bati hii, mnapika watu? Haya, nionyesheni mwenzenu."

Alimtazama Waride kwa muda, akamnusa shingoni, akamwambia akamlaze mtoto. Walipobaki wawili alimgeukia Tahiri.

"Ile kanda yako umeipeleka wapi?"

Tahiri alieleza seva, anwani na lile faili dogo. Bi Mwamini alisikiliza asionyeshe kushangaa.

"Na wakisikiliza, wanafika mwisho?"

"Mwisho... niliukata. Nafasi ilikuwa ndogo."

Bi Mwamini aliweka kikombe chini. "Uliukata wimbo wa kumuaga?"

"Sikujua kama ndio huo, bibi. Mbona ulisema kanda ziko nyingi?"

"Ziko. Na kila mwenye kanda kule kwetu anajua. Ukiifungua, unaifikisha. Betri zikikuishia katikati, unamalizia kwa mdomo wako. Mtoto mdogo anajua hilo. Nani akukumbushe, wewe mtu wa dukani?" Sauti yake ilishuka. "Wanamwita, hawamuagi. Anakuja, anakaa, halafu anaachwa hapo hapo. Ungeitwa wewe hivyo kila uchao, na watu usiowaona, ungekuwa na hali gani?"

Tahiri alilifuta faili mbele yake. Mchana huo Bi Mwamini alipiga ngoma uani, milango imefungwa, akamwita Shaha, akamlisha na kumwimbia wimbo wa kumuaga tangu mwanzo hadi mwisho. Waride alianguka, akaamka, akaomba maji. Harufu iliondoka. Kabla ya machweo ilirudi, na Waride akasimama katikati ya chumba mkono mmoja unacheza na mwingine umekufa ganzi, miguu ikifuata mwanzo wa wimbo na midomo ikifuata katikati yake, huku macho yakihama upande huu na upande ule kama ya mtu anayeitwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja kutoka mlango wake, na kila mmoja amekwisha kwenda zake.

"Nilidhani umekwisha kuifuta," Bi Mwamini alinong'ona.

"Nimefuta. Haipo tena."

"Basi hawa ni wale waliokwisha kumwita. Kila mmoja alimwita kutoka kwake. Mimi nimeufunga mlango wangu. Wa Muscat siwezi kuufunga nikiwa Kibiti. Waliomwita ndio wamuage."

"Wote? Siwajui hata majina."

"Hujui wako wapi?"

"Sijui." Kisha Tahiri akafikiri kama fundi wa kazi yake. "Lakini wote wana lile faili dogo. Lina anwani tu. Nikiweka wimbo wa kuaga kwenye anwani ileile, kwa jina lilelile, yeyote atakayebisha atapata huo. Hatajua kama kimebadilika kitu."

"Wa kuaga tu? Bila wa kumwita?"

"Tu. Ni mfupi. Unaenea."

Bi Mwamini aliigusa ngoma yake. Alijua nyimbo zote za Shaha, na hakuwahi kuimba wa mwisho pasipo kuimba wa kwanza. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Waride alikuwa bado amesimama, mate yanamtoka.

"Weka," alisema.

Tahiri aliweka. Alimpigia Haitham, akamwambia awaombe wote wabonyeze tena na wasikilize mpaka mwisho. Haitham hakuuliza mengi. "Dada yangu mzima?" aliuliza tu.

"Atakuwa mzima."

Na akawa mzima. Waliombwa wakasikiliza. Mmoja baada ya mwingine alifunga mlango wake, na kila ulipofungwa Waride alitoa pumzi na kitu kikamtoka mabegani. Harufu ikaisha. Amal akarudi kwenye ziwa. Waride alipika wali wa nazi, akamchokoza Bi Mwamini kwamba amenenepa kwa vya watu, na Bi Mwamini akamjibu kwamba nyumba yenye jini mmoja haimkoseshi mgeni chakula. Tahiri alilia chooni, jenereta likinguruma ili asisikike.

"Niufute sasa?" alimuuliza Bi Mwamini alipokuwa anaondoka.

"Wote wamemuaga?"

"Siwezi kujua."

"Basi acha. Asije akabaki mmoja."

Aliacha. Jamaa walipeana mlango kama walivyozoea. Wimbo ule ulikuwa mtamu, sauti ya mwanamke na ngoma ya taratibu, na watu waliokuwa mbali na kwao waliupenda kuliko ule wa kwanza. Haitham alisema vijana wa Muscat wanaupiga wakienda kazini. Tahiri alifurahi. Kila aliyesikiliza alikuwa anamuaga Shaha, na Shaha alikuwa amekwisha kwenda.

Mambo yaliyofuata hayakuwa na harufu. Waride aliuliza ufunguo wa kabati uko wapi, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Alisahau jina la mama yake mzazi, akacheka, akalikumbuka kesho yake, kisha hakulikumbuka tena. Aliacha kutania. Aliacha kuuliza bei. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa alikaa. Hakuwa anasimama ghafla, hakuwa na chumvi mdomoni, na kwa hiyo Tahiri alijiambia kwamba amechoka, kwamba aliyepitia yale ana haki ya kukaa kimya, mpaka mchana mmoja Amal alipoanguka kwenye ngazi na kupasuka mdomo, akalia kwa kelele, na Waride aliyekuwa hatua chache kutoka hapo akamtazama, akatazama damu, akamtazama Tahiri akija mbio, kwa uso wa abiria anayetazama ajali ya watu wengine kutoka dirishani, na Tahiri alipomshika mabega na kumtikisa na kumwita kwa jina lake na jina la mtoto wake, hakuona mtu yeyote ndani ya macho yale, si Shaha wala mwingine.

Aliufuta wimbo saa hiyohiyo. Bi Mwamini aliletwa tena. Safari hii hakusema neno kuhusu bati. Alimnusa Waride shingoni, akarudi nyuma.

"Bado unapigwa, ule wa kuaga?"

"Nimeufuta leo."

"Ulikuwa unapigwa mpaka leo?"

"Ulisema niache, bibi."

"Nilisema." Alikaa chini kama aliyekatwa miguu. "Nilisema mimi."

"Kwani kuna nini? Shaha si ameondoka?"

"Ameondoka siku nyingi. Wimbo ule unamwambia aliyekalia kiti ainuke aende zake. Haumtaji jina. Haujawahi kuhitaji kumtaja." Aliongea akitazama jamvi. "Shaha hayumo. Aliyekuwa amekaa hapo ni nani?"

Tahiri akamgeukia Waride.

Hawakuwa na wa kumuuliza ila mmoja. Bi Mwamini aliifungua ngoma, akaikaza ngozi yake kwenye moto, akapiga wimbo wa kumwita mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, kwa sababu hapakuwa tena na cha kuficha. Shaha hakuchelewa. Hakukatika, hakujikusanya, hakupigana na mtu njiani. Aliingia kama anayeingia kwenye chumba kilichohamwa, akajinyoosha ndani ya mwili mpaka vidoleni, akawasalimu.

"Mmekonda," alisema kwa kinywa cha Waride. "Mwenzangu yuko wapi?"

"Huyo ndiye tunayekuulizia," alisema Bi Mwamini. "Tunakuomba, bwana. Hukumwona akitoka?"

"Mimi nilikwisha kuagwa. Aliyetoka baada yangu nitamwona wapi?" Alitazama chumba, akatazama mikono yake. "Mmemuaga mara ngapi?"

"Hatujui," alisema Tahiri. "Ni watu wengi. Wako nchi nyingi. Hawakujua."

"Atakuwa amekwenda mbali."

"Arudishwe vipi? Niambie unachotaka. Ng'ombe, ubani, chochote."

Shaha alimtazama bila ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia. "Mimi nikienda mbali, mnaniita narudi. Nina wimbo wangu, nilitungiwa zamani. Mpigieni na yeye wake, atasikia. Wake ni upi?"

Bi Mwamini aliinua mikono juu ya ngoma. Ilikaa hapo. Alijua nyimbo za majini wote wa visiwani, lakini wimbo wa kumwita mtu hakuna aliyewahi kuutunga. Aliishusha mikono bila kugusa ngozi.

Tahiri alipiga magoti mbele ya mkewe. "Waride," aliita. "Waride. Mama Amal."

Kichwa kiligeuka kwa adabu, kama cha mtu aliyesikia jirani anaitwa, kikangoja kuona kama kuna atakayeitika.